Njia Inayopita kwa Mzee Mwinyimadi

Kabula Magembe alikuwa amekwisha kuzitembea njia mbili, na zote mbili alizikataa.

Ya kwanza ilianzia kituo cha treni cha Soga ikafuata barabara ya vumbi kandokando ya reli. Ilikuwa nyepesi, lakini haikuwa na kivuli wala cha kutazama zaidi ya uzio. Ya pili ilikuwa Kurui, katikati ya mikorosho. Huko mama mmoja alimkaribisha kinywaji cha mabibo alichokamua mwenyewe, kikali kidogo, chenye kupanda kichwani taratibu. Kabula alikipenda. Ila njia yenyewe ilikuwa tambarare kama mkeka. Ulichokiona asubuhi ndicho utakachokiona jioni.

"Chagua yoyote tu," Nuria alimwambia kwenye simu. Walisoma pamoja, na sasa Nuria alifanya kazi ofisini Dar es Salaam, akiwa na wenzake kumi na wanne waliochoka kukalia viti. "Sisi tukiona majani tutafurahi."

"Sitaki mfurahie majani. Nataka mkirudi mjini mtamani kuja tena."

Miaka kumi na moja Kabula alikuwa akibeba mafaili katika masjala moja pale Kibaha. Sasa alitaka kazi ya kutembeza watu, na hili lilikuwa kundi lake la kwanza. Likiharibika hili, hakuna la pili.

Njia ya tatu aliijua tangu utotoni. Ilikuwa Vihingo, alikokulia baada ya baba yake kuhamia na ng'ombe kutoka Usukumani. Unapita msituni, unafika kwenye chemchemi, unapanda mpaka juu mwambani ambako bonde zima linafunguka mbele yako. Tatizo lilikuwa moja. Katikati ya njia hiyo kulikuwa na shamba la Mzee Mwinyimadi, na miaka tisa iliyopita ng'ombe wa Magembe waliingia humo, wakaimaliza mihogo yote asubuhi moja. Kesi iliishia kwenye baraza la kijiji. Neno la pole halikutoka.

Kabula alimkuta mzee akipachika mpini kwenye jembe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

"Wa Magembe."

Mzee akarudi kwenye jembe lake. "Njia imefungwa."

Na kweli ilikuwa imefungwa, kwa matawi ya miiba yaliyorundikwa mpaka kifuani. Kabula hakubishana. Alishuka bondeni kutafuta pa kuzungukia. Alizama kwenye tope mpaka magotini, akapoteza kiatu kimoja, akatumia saa mbili kuvuka mahali ambapo kwa kupitia shambani ni dakika kumi. Alipotokea upande wa pili, Mwinyimadi alikuwa amesimama akimtazama.

"Umepita wapi wewe?"

"Bondeni."

"Huko hata nguruwe pori wanapakwepa!" Mzee aliingia ndani, akatoka na ndoo ya maji. Akamwacha anawe miguu mpaka mwisho ndipo akasema, "Mwanangu, na wewe sina ugomvi. Lakini baba yako Msukuma, mimi Mzaramo. Ni mtani wangu. Mtani akikukosea anakuja mwenyewe, anakutania mpaka mnacheka. Yeye kaniletea mwenyekiti na karatasi. Mwambie aje, kwa miguu yake."

Nyumbani Magembe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ng'ombe hawajui mipaka."

"Wewe unaijua, baba."

"Kwa hiyo nikajishushe, ili watu wa mjini watembee bila safari?"

"Kwa ajili yangu. Masjala naacha, nimeshaamua. Nitakwenda kwa mzee yule kila Jumamosi, hata peke yangu, mpaka aondoe ile miiba."

Mke wa Magembe, aliyekuwa akipepeta mahindi mlangoni, hakuinua kichwa. "Miaka tisa unazunguka kwenda mnadani ili usipite kwake. Hujachoka tu?"

Jumamosi iliyofuata Magembe alitangulia, Kabula nyuma yake. Penye miiba baba yake alisimama, akakohoa, akapaza sauti.

"Mtani! Nasikia bado hujafa!"

Sauti ya jembe ikakatika kule ndani.

"Nitakufaje," sauti ikajibu, "na ng'ombe wako hawajamaliza shamba?"

Magembe alicheka, kisha kicheko kikamwishia. "Ile mihogo," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikosa. Nilipaswa kuja siku ileile."

Mwinyimadi alikuja akaanza kuvuta matawi kwa mikono mitupu, na Magembe akavuta kutoka upande wa pili, mpaka pakapatikana upenyo wa mtu mmoja. Hazikupita dakika tano wakaanza kubishana upya, safari hii juu ya njia yenyewe.

"Usiwapandishe moja kwa moja," Mwinyimadi alimwambia Kabula. "Wataishiwa pumzi. Wapitishe kushoto, wapumzike chemchemini kwanza."

"Kushoto kuna utelezi," Magembe akapinga.

"Wewe unajua nini, ulikuwa unafuata mikia!"

Kabula alizijaribu zote mbili siku hiyohiyo. Ya kushoto ilikuwa nzuri zaidi.

Wiki mbili baadaye watu kumi na watano walishuka Soga na treni ya asubuhi, wakapanda gari la kukodi hadi Vihingo. Baada ya chemchemi mmoja wao, Evance, mtu mwenye mwili mkubwa, aliketi chini akaomba aachwe.

"Simwachi mtu," Kabula alisema. "Tutakwenda kwa mwendo wako." Na wote wakaenda kwa mwendo wa Evance, hatua ishirini, pumziko, hatua ishirini, mpaka miti ikaisha na upepo ukawapiga usoni.

Nuria, ambaye njia nzima hakufunga mdomo, alisimama pale mwambani akilitazama bonde lote. Evance ndiye aliyenyoosha mkono, jasho likimtiririka.

"Na kile kilima cha kule nyuma? Unapandaje?"

"Sijafika," Kabula alisema, akikikodolea macho. "Nipe mwezi mmoja."