Mumia Asiyeruhusiwa Kusema

Wagih alifungwa vitambaa asubuhi nzima. Vilikuwa vimechovywa kwenye chai ili vionekane vikuukuu, na sasa vimemkaukia mwilini, vinamwasha kwenye jua la Luksor. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani, mwenye sauti ya kufika viti vya nyuma kabisa. Leo kazi yake ilikuwa kuigiza mumia, yaani maiti ya kale iliyofufuka kaburini: kunguruma na kumkaba mtalii.

"Nguruma zaidi!" alifoka Rifaat, mwongozaji wa filamu kutoka Kairo. "Unakaba mtu, humwombi maji!"

Wagih akashusha mikono. "Bwana Rifaat, mumia hangurumi. Kabla ya kumzika, makuhani walimfungua kinywa kwa ibada, ili huko aendako aseme na ale. Wewe unamfanya bubu?"

"Kaandike kitabu."

"Walimfunga sanda asioze. Wakaandika jina lake lisipotee. Hakuna aliyemfunga ili aje kukaba watu!"

"Na nyanya zenu hapa kijijini Gurna, si walikutisheni kwa mambo ya makaburini?"

"Walitutisha kwa afriti, ili tusitumbukie mashimoni! Huyu mkabaji tumeletewa. Wazungu waliwasaga mumia hao, wazee wetu wa kale, wakawanywa kama dawa. Wakawafungua sanda karamuni, watu wanatazama. Baadaye ndipo wakaanza kuota wanafuatwa nao. Hofu yao, nasi tunaivaa!"

"Mleteeni mimbari," alisema mpambaji wa waigizaji, na kundi zima likaangua kicheko.

Wagih alitaka kujifuta jasho, akashindwa. Vidole vyake vilikuwa vimefungwa pamoja. Akaenda kuketi kivulini, akakataa kuinuka mpaka apewe walau sentensi moja ya kusema.

Jua lilianza kushuka. Rifaat akasonya. "Haya, sema hicho kisentensi chako, halafu unikabie huyo mtu tuondoke."

Wagih akatoka kaburini polepole. Akamshika mtalii bega, kwa upole, akauliza, "Nani bado analijua jina langu?"

Hakuna aliyecheka. Mtalii alisahau kupiga yowe. Hata Rifaat alichelewa kusema "Kata!" kusimamisha kamera.

Filamu ilipofika sinema ya mjini Luksor, Wagih alimpeleka mama yake, Bahiga, aliyekuwa ameshawatangazia majirani wote. Ikafika ile sehemu. Midomo yake ikacheza chini ya vitambaa, ukatoka mngurumo kama wa ng'ombe anayechinjwa. Ukumbi ukapiga mayowe ya furaha.

"Wagih, mbona hiyo si sauti yako?"

"Wameifuta, mama."

Akatoka hadi barazani, akampigia simu Rifaat. "Ulikuwepo! Uliona watu walivyonyamaza!"

"Niliona, ndugu yangu. Ndiyo shida yenyewe. Mimi nauza mayowe, siuzi kimya." Rifaat hakusikika kuudhika hata kidogo. "Sikiliza, majira ya baridi tunapiga picha za sehemu ya pili. Usinenepe, vitambaa ni vilevile."

Simu ikakatika. Wagih akarudi ndani. Bahiga alikuwa anabangua mbegu za maboga, mkoba wake ameuweka juu ya kiti cha mwanawe kumshikia nafasi.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

Wagih akauondoa mkoba, akaketi. Mbele yake, kwenye skrini, yeye mwenyewe alikuwa anamkaba mtu mwingine, na nyuma yake mtoto alikipiga kiti mateke kwa raha.