Walima kwa Asilimia Thelathini

Kaka yangu Mudathiri aliporudi likizo kutoka chuoni Dar, ambako anasomea sayansi ya hali ya hewa, hakuwa tena mtu wa kusema mvua inakuja. Alisema kuna uwezekano wa mvua za wastani katika baadhi ya maeneo. Ukimuuliza maeneo gani, anakutazama kwa huruma. Mama akitaka kujua kama aanue nguo, kwanza anaelezwa upepo wa baharini unavyokutana na joto la nchi kavu na mawingu yanavyojijenga, na somo likiisha nguo zimeshalowa. Nayasema haya kwa upendo, ila si mwingi.

Kusoma lakini alikuwa anasoma kweli. Katika somo la kufikisha utabiri kwa wananchi alipata A, na hiyo A tuliisikia mpaka majirani wakaacha kuja kutusalimia.

Harusi yangu ilikuwa Jumamosi, mwezi wa Desemba, nyumbani kwetu Mtawanya. Naolewa na Miraji wa Salale, na watu wake walikuwa waje kwa boti kutoka huko kwenye mikoko, kisha wapande gari. Mchele wote wa walima ulitoka shambani kwa mama. Mpunga aliulima mwenyewe, akaupura mwenyewe, mchele akaufungia tangu mavuno. Hauzwi, hauliwi, hata sisi tukila ugali mfululizo kama wafungwa. Alitaka siku moja tu watu wale hadi washibe, waseme mtoto wa mjane naye kaozwa.

Mwalimu Elinipendo, mkuu wa shule ya msingi, mwenyeji wa Upareni aliyehamia kwetu, alijitolea kutupa madarasa mawili ya kufanyia walima, kwa kuwa shule imefungwa, tena mawingu ya mwezi ule hayakumpendeza. Mjomba Saadi alikasirika.

"Tunaoza mtoto au tunafanya mtihani wa darasa la saba?"

Mjomba Saadi, kaka yake mama, ni dalali wa ng'ombe mnadani Kibiti. Yeye alitaka uwanjani, mbele ya nyumba, ili kila anayepita barabarani ajue Saadi anaoza. Mama akasema basi aulizwe msomi, kwani alipelekwa chuo kufanya nini.

Akaulizwa Alhamisi baada ya alasiri, barazani. Mimi nilikuwa ndani nimepakwa liwa uso mzima, somo wangu Ashura, mama mtu mzima aliyekuwa akinifunda, kanilinda mlangoni, maana bi harusi hatii neno kwenye kikao cha wanaume. Lakini nyumba yetu haina dari, kila kinachosemwa barazani kinafika kitandani.

"Jumamosi mchana, uwezekano wa mvua kubwa ni asilimia sabini," alisema Mudathiri. "Kuna mgandamizo mdogo wa hewa baharini, mashariki ya Mafia, unasogea huku. Tuchukue madarasa."

Kisha nikamsikia Mjomba akikohoa kile kikohozi chake cha mnadani.

"Sabini nyingi, mpwa wangu. Sema ishirini."

"Mjomba, hii haipunguzwi. Inatoka kwenye mahesabu."

"Hata ng'ombe anatoka kwenye mahesabu. Sabini wape watu baki. Hapa upo kwenu."

"Siyo mimi ninayeipanga."

"Baba yako alipofariki, nani alikupeleka shule?"

"Wewe, Mjomba."

"Basi ishirini."

Angenyamaza, tungepona. Badala yake msomi wetu akashusha pumzi na kusema, "Sitini."

Nilifumba macho, liwa ikapasuka mashavuni. Kumtajia Saadi bei ya pili ni sawa na kumkabidhi kamba ya ng'ombe. Sitini ikawa hamsini kwa heshima ya ukoo. Hamsini ikawa arobaini kwa ajili ya wageni wanaotoka mbali. Mudathiri alijaribu kueleza habari za picha za satelaiti, Mjomba akamwambia hizo picha azipige tena.

"Thelathini," Mjomba akamaliza, "na manyunyu nakuachia wewe."

Wakapeana mikono. Wazee wakashukuru Mungu kwamba mambo yamekwisha kwa wema. Nikamtuma Ashura akamuulize kaka yangu ana akili gani. Akarudi na jibu.

"Kasema hakutaka kumvunjia mjomba wako heshima. Halafu kasema thelathini nayo si mbaya."

"Si mbaya kwa nani?"

"Usiongee, mwanangu, liwa inadondoka."

Jumamosi asubuhi jua lilikuwa kali. Ndoa ikafungwa vizuri. Mjomba akawa anatembea uwanjani anaonyesha watu mbingu, kama vile kainunua yeye. Mudathiri alikaa katikati, chini ya turubai, na kanzu nyeupe, mwavuli hana, anawaeleza wageni namna utabiri unavyofanyika.

Baada ya adhuhuri, masufuria yakafunuliwa ili pilau ipakuliwe. Mvua ikaja hapo hapo. Haikuanza kwa manyunyu. Turubai likajaa maji, likabonyea tumbo, likachanika, na mzigo wote ukashukia kwenye masufuria. Niliona dirishani pilau ya mama ikielea. Watu wa Salale walipandisha vikoi vyao magotini, wakaendelea na sinia moja waliyowahi kupata, kwani maji ni ya kwao. Mume wangu mpya alicheka, na hilo nimeliweka moyoni.

"Kijana katudanganya," Mjomba alikuwa anamwambia kila mtu. "Hii ndiyo thelathini?"

Nilitoka nje. Bi harusi hatoki, najua, ila nilitoka na hina yangu mbichi mikononi.

"Alisema sabini," nikasema. "Nilisikia kwa masikio yangu."

"Alisema," akajibu Mjomba, "lakini tukaelewana."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Ni kweli, kulikuwa na maelewano, na walikuwepo.

Mama hakumtazama kaka yake. Alimwendea Mudathiri, aliyesimama kanzu imemganda mwilini.

"Wewe ulijua ni sabini. Kwa nini hukunihamishia hata sufuria moja?"

Kaka yangu alifikiri. Namjua, hakuwa anatafuta uongo.

"Mama, baada ya kuelewana thelathini, hata mimi nikaanza kuiamini."

Nilitaka kumpiga. Miaka miwili chuoni, A ya kufikisha utabiri kwa wananchi, na wananchi ndio waliomfikishia yeye.

Nilidhani mama atalia, na mimi nikawa tayari kulia naye. Akachukua sinia, akachota pilau ile iliyokuwa uji, akaijaza mpaka ukingoni, akaiweka mezani chini ya mvua. Akamkalisha Mudathiri upande mmoja, akamshika Mjomba mkono, akamkalisha upande wa pili. Harusi nzima ikageuka kutazama. Barabarani nako watu walikuwa wamesimama.

"Kuleni," akasema.

Wakala. Mama alisimama juu yao na upawa mkononi, maji yanamtiririka usoni, sijui kama yote yalikuwa ya mvua. Baada ya matonge machache Mjomba akafuta midomo.

"Nimeshiba, dada."

Mama akamwongezea upawa mwingine.