Jina la Kwenye Gitaa

Mwaka wa sabini na moja, siku ya Jumatano baada ya mvua, mtu mmoja aliyefunga tai alipanda kilima kutoka Kebirigo akiuliza watu wanapenda muziki gani. Jina lake Andrew Okemwa. Huko Nairobi walikuwepo waliotaka kuanzisha gazeti la muziki, nao walimtuma ajue ni nani huku kwetu atakayelinunua: vijana au wazee, watu wa dansi au watu wa kanisa.

Kazi nzuri. Ila Andrew alikulia Kisii mjini, na mji humsahaulisha mtu adabu za milimani. Badala ya kumwuliza kila mtu peke yake, aliwakusanya wa boma la mzee Zachariah wote pamoja uani: mzee mwenyewe, mkewe Persis, binti yao Drusilla, na Gesare, mke wa mwana wao. Sasa mke wa mwana ataanzaje kutaja nyimbo za dansi mbele ya baba mkwe? Afadhali ameze kaa la moto.

"Mnapenda muziki wa aina gani?" Andrew akauliza.

"Nyimbo za Mungu," mzee akajibu, kwa niaba ya boma zima, ng'ombe na kuku ndani. Alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato. Redio yake ilifungwa kitambaa Ijumaa jua likizama, na haikufunguliwa mpaka Sabato iishe.

"Na hilo gazeti lenu," Drusilla akadakia, "karatasi itaimba? Au tuiweke kwenye gramafoni?"

Watu wakacheka, Andrew naye akacheka. "Haitaimba, dada. Itaonyesha waimbaji. Picha zao, majina yao, na mahali wanapopiga."

Gesare hakucheka. Alishika nguzo ya jiko akatazama chini.

Mume wake, Ishmael, alikuwa mpiga gitaa. Mzee alimkuta akilipiga siku ya Sabato, akalivunja juu ya goti, na Ishmael akaondoka bila hata kunywa uji. Mtoto wao Bonareri alikuwa mgongoni wakati huo. Sasa anakwenda shule. Watu walisema Ishmael yuko Nakuru. Wengine walisema Kampala. Mwenye kusema kweli alikuwa hajapita. Gesare alikuwa amezoea kusimama nje redio ikiimba, akisikiliza kila gitaa kama mtu anayesikiliza hatua mlangoni. Aliona pia kwamba baada ya habari mzee hakuwa na haraka ya kuizima siku hizi. Alidhani ni uzee.

Andrew alipoaga, mzee alisema anakwenda kumwangalia ng'ombe. Gesare akajitwika kikapu.

"Unachuma chai saa hizi, mama Bonareri?" Drusilla akamwuliza. "Au unachuma mwenye tai?"

"Ninachuma ulimi wako," Gesare akasema, akaenda.

Alikata katikati ya shamba ili amkute Andrew kwenye njia ya chini. Alikuwa amefika ukingoni, kikapu kikiwa na majani machache ya kuzugia, aliposikia sauti ya baba mkwe. Akakiacha kikapu pale pale njiani, akapiga magoti ndani ya michai.

"Hizo picha," mzee alikuwa akimwambia Andrew, "ni kubwa? Uso unaonekana?"

"Unaonekana, mzee."

"Hata wa wale wa nyuma?"

"Hata wao."

Mzee akakohoa. "Nina mtu wangu huko. Ishmael wa Zachariah. Nataka kuona kama amekonda."

"Yuko bendi gani?"

"Mimi nitajua bendi? Ishmael."

"Pole, tata, baba yangu. Hawa watu hubadili majina. Kwa jina la ubatizo sitampata."

"Haya," mzee akasema. "Gazeti nitalinunua hata hivyo. Lakini usiandike kwamba ni mimi."

Andrew akashuka zake. Mzee akapanda polepole, akafika penye kikapu, akasimama. Gesare akainama zaidi. Jina alikuwa nalo. Usiku wa mwisho Ishmael alimnong'oneza: mtu aliyevunja gitaa langu, jina lake halitapanda jukwaani, nitatumia la babu yangu mzaa mama. Gesare alilificha miaka yote hiyo, maana ni jina la kumuua mzee.

"Chai hii," mzee akasema akiwa ameipa mgongo, "imekua sana." Akagonga jiwe kwa fimbo. "Mtu akiondoka na uchungu huacha mpaka jina la baba. Najua. Kama yupo anayejua lile analotumia, mimi sina haja ya kulisikia. Lakini basi la mgeni haliondoki Kebirigo kabla ya saa kumi, na njia ya kisimani ni fupi."

Kisha akageuka upande wa ng'ombe.

Gesare alitoka mbio. Alikipita kisima, akapoteza lesso kwenye mti wa miiba, hakurudi kuichukua. Andrew alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani ya basi.

"Obwocha Nyuzi!" akamwita. "Anaitwa Obwocha Nyuzi. Anashika gitaa kwa mkono wa kushoto."

Andrew akashuka, akaandika jina. Utingo akapiga bati kwa kiganja, basi likaanza kunguruma.

"Na wewe mama, kule juu hukunijibu. Unapenda muziki gani?"

Gesare alifungua mdomo, majibu ya miaka yote yakagongana mlangoni. "Ukimpata," akasema, "siku ya kupiga picha mwambie asimame mbele. Baba yake haoni vizuri."

Alirudi kwa njia ile ndefu. Kikapu alikikuta pale pale alipokiacha, lakini sasa kilikuwa kimejaa mpaka juu. Majani yalikuwa yamechumwa ovyo na mkono uliozoea fimbo, makavu kwa mabichi, na vijiti ndani, chai ambayo karani wa kituo cha kununulia angeimwaga chini bila kuuliza. Gesare akakaa ukingoni mwa njia, akaanza kuichambua jani kwa jani.