Kamati ya Kumzika Babu Enoka

Mimi Fausta nimeongoza kamati za harusi hapa Tunduma mpaka nimepoteza hesabu, na zote zimefanikiwa, hata ile ambayo bwana harusi alitaka kutorokea Nakonde. Kwa hiyo ukoo ulipokaa kupanga safari ya mwanangu Anania kwenda kuzamia ziwani, hakuna aliyeuliza nani awe mwenyekiti. Mdogo wangu Danford, ambaye akiona watu watatu wamekaa pamoja hutafuta kipaza sauti, alitaja jina langu, watu wakapiga makofi, nikakubali. Walidhani nimekubali kwa mapenzi. Nilikubali ili nimzuie. Ukitaka jambo life huku watu wanacheka, liundie kamati, na kamati uiongoze mwenyewe.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Enoka, babu yake mama yangu, alichukuliwa na Wajerumani wakati wa vita vya kwanza akachochee moto kwenye meli yao ya Ziwa Tanganyika. Meli ikapigwa mizinga, ikazama upande wa Kasanga, naye akiwa chini kwenye tanuri. Hakuzikwa. Na kwetu mtu hajazikwa mpaka watu wake wamemtupia udongo, kila mmoja na konzi yake. Mama yangu, Bibi Conjesta, alimsikia baba yake akililia jambo hilo mpaka siku anakata roho. Sasa mama mwenyewe miguu imegoma na macho yamefifia, na kila nikimpelekea uji ananiuliza, "Fausta, babu tunamzika lini?"

Ikatokea nyavu za wavuvi zikanasa kwenye chuma huko huko Kasanga. Anania, ambaye kazi yake ni kuzamia bandarini Dar es Salaam kukagua matumbo ya meli, akaenda na kifaa cha kupimia kina, akaiona meli imelala mita sitini na ushei chini ya maji. Alirudi nyumbani anang'aa. "Bibi," akasema, "udongo nitampelekea mimi." Mama akapiga kigelegele akiwa amekaa kitandani. Mimi nikaenda jikoni nikavunja sahani kwa makusudi.

Niseme wazi: niliogopa. Anania ndiye mtoto wangu wa pekee, na baba yake tulishamzika. Sikuwa tayari kubadilishana na ziwa, nilipe mzima nichukue mfu.

Kikao cha kwanza tulikaa uani kwangu. Anania alikuja na mzamiaji mwenzake, Kashinje, binti wa Kisukuma ambaye wazazi wake wanafuga ng'ombe bondeni Momba. Danford kwa mazoea ya harusi akafungua kikao kwa utambulisho wa pande zote mbili, akampongeza bibi harusi. Kashinje akacheka mpaka akafuta machozi. Anania akaanza kueleza mpango.

"Kushuka ni dakika chache tu. Chini tunakaa dakika zisizozidi ishirini. Kupanda ni zaidi ya saa nzima."

"Mbona kurudi ni mbali kuliko kwenda?" akauliza Danford. "Mnapitia njia nyingine?"

"Mjomba," Kashinje akasema, "soda ukiitikisa halafu ukang'oa kizibo ghafla, inakuwaje?"

"Inanirukia shati."

"Basi damu yetu tukitoka kule chini ni soda hiyo. Tukipanda haraka inafoka ndani ya mwili, na mtu anaweza kupooza au kufa. Kwa hiyo kizibo tunakifungua kidogo kidogo. Tunapanda, tunashika kamba, tunasubiri. Tunapanda tena, tunasubiri."

Wakaeleza na mengine. Kwamba ziwa lile liko juu kuliko bahari, hivyo hesabu za baharini wamezifanya upya. Kwamba hewa ya kawaida kwenye kina kile inalevya, ndiyo maana wamechanganya gesi nyingine kwenye mitungi.

"Inalevya kama komoni?" mama akauliza kutoka kitini kwake.

"Kuliko komoni, bibi."

"Na mmeikataa!" Mama akatikisa kichwa kwa masikitiko, uani pote watu wakaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nasubiri mahali pa kukaba, na Anania akanipa mwenyewe.

"Sheria yetu ya kwanza ni hii," akasema. "Yeyote aliye ndani ya mpango akisema hapana, safari imekufa. Haulizwi kwa nini, wala halaumiwi."

"Na mwenyekiti yumo ndani ya mpango?" nikauliza.

Akanitazama kidogo. Mtoto anamjua mama yake. "Yumo, mama. Siku ya kuondoka nitakuuliza mbele ya watu wote."

Nikatulia. Nilikuwa na hapana yangu, nimeiweka kifuani mahali ninapoweka hela za mchele sokoni.

Kosa letu kubwa tulilifanya baada ya kikao hicho, na ni kosa la watu waliozoea michango. Danford alituma ujumbe kwenye kundi la ukoo: kila tawi lichangie udongo wa nyumbani kwake. Hakusema kiasi gani, na kwetu mtu asiyeambiwa kiasi hujaza chombo. Kikao cha pili wakaja. Wa Msangano walileta ndoo mbili. Wa Mkwajuni walifunga kiroba nyuma ya pikipiki. Nesta, mtoto wa mama yangu mdogo, alivuka mpaka kutoka Nakonde na beseni kichwani. Askari wa mpakani walipomuuliza amebeba nini, akajibu, "Mazishi," wakampisha.

Anania alisimama mbele ya ule mlima, mkono mdomoni.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi kule chini nabeba mitungi, taa na akiba ya kila kitu. Udongo nitakaoweza kubeba ni kiasi cha ngumi yangu."

Ngumi moja! Uani pakachemka. Wa Msangano wakasema Enoka alizaliwa kwao, ngumi ni yao. Nesta akavua viatu kabisa. "Awe, hapana! Dada zake Enoka waliolewa wapi kama si kwetu? Udongo wa Zambia ubaki, tukapandie maua?" Mtu mmoja akashauri udongo uchanganywe kwenye beseni ichotwe ngumi moja, akaulizwa ana uhakika gani kwamba itakayochotwa haitakuwa ya Mkwajuni yote. Danford akapuliza filimbi ya MC, akazomewa.

Nami nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha mwenyekiti, nafurahi. Kikao kilikuwa kinavunjika chenyewe, hata hapana yangu isingehitajika. Hapo ndipo mama aliponyoosha mkono. Alikuwa ameshika pindo la kanga yake lililofungwa fundo, na ndani ya fundo udongo wake, kidogo tu, aliouchota mwenyewe kwa vidole mlangoni pa chumba chake kwa sababu hawezi kwenda mbali zaidi.

"Wa kwangu uacheni," akasema. "Chukueni wa kwao. Ila msigombane, babu asije akasikia."

Basi nikapandwa na hasira, na mimi hasira zangu hazina breki. Mama yangu amesubiri maisha yake yote, leo anawaachia zamu watu wenye ndoo! Nikainuka kiti kikaanguka.

"Hivi nyinyi mna akili?" nikafoka. "Mnamfanyia bikizee huyu nini? Udongo wote tieni kwenye gunia moja, lifungeni kamba, litoseni ziwani lishuke lenyewe mpaka kwa Enoka, mtuondolee kelele hapa!"

Kashinje akamgeukia Anania. Anania akamgeukia Kashinje.

"Uzito wa kamba," Kashinje akasema.

"Uzito wa kamba!" Anania akaruka. Akanieleza mbio mbio, maneno yakigongana: kwamba wanateremsha kwanza kamba yenye kitu kizito mwishoni, ikatua pale kwenye meli, na kamba hiyo ndiyo njia yao ya kushukia na kupandia. Walikuwa wanatafuta kipande cha chuma. Gunia la udongo lingetosha na kubaki. Akanikumbatia mbele za watu. "Mama, umemaliza kila kitu!"

Nilitamani kuung'ata ulimi wangu. Kamati nzima ilikuwa inanipigia makofi, Nesta ananichezea, na mama kwa mkono wake anafungua fundo la kanga. Danford akaleta gunia la katani. Tukapanga mstari kama tunavyopanga kaburini, kila mtu akatia konzi yake kwanza, ndipo ndoo zikafuata. Mama tulimbeba na kiti chake, akawa wa mbele. Nami nilitia. Ningefanyaje? Ni babu yangu pia.

"Gunia tutalifungua mwisho kabisa," Kashinje akawaeleza. "Udongo ukitifuka ndani ya maji hatutaona hata mkono. Kwa hiyo tunamsalimia babu, tunashika kamba, tunakata mshono, hapo hapo tunaanza kupanda."

"Na sala?" akauliza Danford.

"Sala mtasali ninyi huku, mjomba. Sisi midomo itakuwa na kazi."

Kesho yake walifanya mazoezi ya nchi kavu. Walitandaza kamba chini kutoka ukutani hadi getini, wakaifunga vitambaa vyekundu mahali pa kusimama, wakavaa mitungi na kuanza kutembea mpango wote hatua kwa hatua, bila kusema, kwa ishara za vidole tu. Ukoo wote ulikuja kutazama. Walifika kwenye "meli", ambayo ilikuwa banda langu la kuku, wakakata gunia la kuazima, wakageuka. Wakaanza kurudi. Kitambaa cha kwanza wakasimama. Cha pili wakasimama zaidi. Watu wakachoka, wakaanza kupiga soga.

Mara mvua. Mvua za kwetu hazibishi hodi. Sote tukakimbilia barazani, na Danford wa kwanza. Wale wawili hawakusogea. Walisimama pale kwenye kitambaa, wameshika kamba, maji yanawachuruzika usoni, Anania anatazama saa ya mkononi.

"Anania!" nikaita. "Mwanangu, utaugua! Ni mazoezi tu hayo, hakuna anayekuona!"

Akanyoosha kiganja kuniambia subiri. Kashinje akamgusa bega, akamwonyesha vidole, naye akajibu kwa vidole. Wakaendelea kusimama. Dakika zikaisha, wakasogea hadi kitambaa kingine, wakasimama tena.

Huyu alikuwa mtoto ambaye ubwabwa aliula haujaiva. Alizaliwa kabla ya mwezi wake. Nilimtazama akisubiri kwenye mvua, na pale barazani nikamwelewa mwanangu. Kule chini hakukuwa na ujasiri wowote wa kunitisha. Kulikuwa na subira tu, na subira alikuwa nayo, tele, sijui aliitoa wapi maana si kwangu. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, nikaona aibu mbele ya Nesta, nikausingizia moshi wa jikoni.

Siku ya kuondoka gari lilisimama getini, mitungi imepangwa, gunia limeshonwa upya mara mbili. Danford akatangaza kwamba kesho kutwa, jioni ya siku ile ile ya kuzamia, kutakuwa na karamu hapa hapa, mbuzi wawili, na wazamiaji watapokelewa kwa matarumbeta.

"Mjomba, siku ile ile hatuji," Anania akasema. "Tukitoka kwenye maji hatupandi milima. Njia ya Sumbawanga iko juu sana, na Tunduma pia, damu itafoka vile vile. Tutalala ziwani kwanza, tupumzike vizuri, ndipo tuje."

Watu wakanung'unika kidogo kwa ajili ya mbuzi. Kisha Anania akasimama katikati ya ua.

"Kashinje?"

"Ndiyo."

"Mjomba Danford?"

"Ndiyo, tena kwa kishindo!"

"Mama mdogo Nesta?"

"Ee mukwai," akaitikia kwa Kibemba.

"Bibi?"

Mama aliitikia kwa kigelegele, hicho hicho cha kitandani.

"Mama?"

Hapana yangu ilikuwa bado ipo, nzima, na nilijua nikiitoa hakuna ambaye angeniuliza kitu. Nilimtazama mama yangu kitini, shingo ameinyoosha asikie vizuri. Nikamtazama mwanangu. Hofu ilikuwa pale pale, sitaki kudanganya. Ila sasa ilikuwa na mwenziwe, ile subira niliyoiona kwenye mvua. Maisha yangu yote kila anayetoka mlango huu nimemwambia neno moja, awahi kurudi. Marehemu mume wangu nilimwambia. Anania akienda shule nilimwambia kila asubuhi.

"Ndiyo," nikasema. "Nenda ukamzike babu yako. Na kurudi, mwanangu, chelewa. Chelewa kabisa. Chakula nitakipasha."