Goti la Kuombea Radhi

Mkanda ulipojazwa upepo, paja la Tokuji likabanwa barabara. Damu iliendelea kushuka mguuni, kurudi juu ndiyo ikawa kazi. Uzito wenyewe aliofungiwa kifundoni hata mtoto angeuchezea, lakini kwa mkanda ule ulimtoa jasho mzee mzima.

"Bado kidogo, mzee wangu! Usinitolee macho, mimi si adui yako," alisema Orie, binti wa mazoezi ya viungo pale hospitali.

"Adui angenihurumia."

Orie akacheka. Raha ya mkanda ni hii: goti lililoshonwa halibebeshwi mzigo, msuli ndio unaodanganywa kwamba umebeba, na msuli wa Tokuji ulikuwa umeanza kurudi.

"Lakini haraka ya nini? Kutembea unatembea, ngazi unapanda."

"Nataka kupiga magoti. Mpaka makalio yakae juu ya visigino. Halafu niiname, paji la uso lifike chini."

Orie aliacha kucheka. Habari aliijua, mji mzima uliijua. Wakati wa theluji Tokuji alikuwa akiendesha gari, pembeni yake kakaa Wataru, mtoto wa pekee wa dada yake Hisano. Gari likateleza darajani. Mjomba alivunjika goti, mpwa akafia palepale.

"Na dada yako hujampigia simu mpaka leo?"

"Simu? Nimuulie mtoto, halafu nimwombe radhi nimejilaza kitandani? Binti, mtu ana haya!"

Basi ndivyo alivyofikiri, na mimi simcheki, maana huku kwetu tumelelewa hivyohivyo: kosa dogo unainamisha kichwa, kosa la kifo unajitupa sakafuni. Ila jamani, ukaidi nao una kiasi chake! Hisano alikuja hospitali siku ileile, akasimama mlangoni. Tokuji akageukia ukutani kwa aibu. Mazishi yakapita, sikukuu ya wafu ya kiangazi ikapita, yeye anasubiri goti, neno hapeleki.

Theluji ilipoanza tena, goti likakunjika. Siku ya kumbukumbu ya mwaka alivaa suti nyeusi, akaenda mapema kwa dada yake na mfuko wa machenza, tunda alilolipenda marehemu.

Mbele ya picha ya Wataru uvumba ulikuwa unafuka. Tokuji akashuka taratibu, meno ameyauma kwa maumivu, mpaka makalio yakafika kwenye visigino. Akaweka mikono mkekani, kisha paji la uso.

"Dada, nisamehe. Nimekuulia mtoto."

Kwa pale alipoinama aliona soksi za dada yake tu. Hazikusogea.

"Siku ile hospitali nilikuja unishike mkono, tulie wote," Hisano alisema. "Sikuwa na mtu mwingine. Ukanigeuzia mgongo."

"Sikuweza kupiga magoti, dada. Niliona haya kukutazama."

"Nani alikuomba magoti, Toku? Nilitaka neno moja tu! Simu ikilia nakimbia, nikidhani ni wewe. Nimekimbia weee, mpaka nikachoka. Nikasema basi, nimezika wawili. Na nimeshazoea."

Tokuji alilia palepale mkekani, kamasi zinamtoka, hajali. "Nitukane basi, dada. Nipige!"

"Ya nini?" Sauti haikuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililomvunja moyo.

Mlangoni wageni walianza kuvua viatu. Hisano akafuta macho, akavuta kiti kimoja kati ya vile vya wageni wazee, akakiweka karibu na kaka yake. Kisha akamwita kwa jina la ukoo, kama huku kwetu anavyoitwa mtu baki, jina la baba yao ambalo yeye mwenyewe alilibeba mpaka alipoolewa.

"Karibu ukae, Bwana Kuroiwa," alisema kwa adabu zote. "Ahsante kwa kufika."