Tofali Lisilo na Nafasi Kwenye Fomu

Paskazia alifikisha ndoo ya thelathini na mbili ya zege ghorofa ya pili, akajifuta shingo kwa khanga, akaomba ruhusa kwa fundi mkuu. Saa nane afisa wa majengo angekwenda Buzuruga kukagua nyumba yake, na nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa roho yake. Miaka kumi na moja, tangu awe mjane, alikuwa amebeba zege la nyumba za watu na kurudi kulala chumba cha kupanga mtaa wa Igogo, huku matajiri wapya wa soko huria wakiotesha maghorofa kama uyoga. Alitamani nyumba mpaka akaona haya kuitamani.

Mwaka uliotangulia, tisini na tano, wataalamu walileta Ilemela mashine ya mkono ya kushindilia matofali. Unachekecha udongo wa kiwanjani kwako, unachanganya na saruji kidogo, unavuta mpini, tofali linatoka limenyooka kama mche wa sabuni. Hakuna kuni wala tanuri. Mkubwa mmoja alikata utepe akasema hiyo ndiyo sayansi ya mwananchi. Paskazia alipiga makofi mpaka viganja vikawaka, kisha akajifunza. Miezi saba alifyatua kila Jumapili baada ya misa, akayafunika matofali kwa nyasi na kuyamwagilia wiki mbili nzima, kama alivyofundishwa. Ukuta ulipofika usawa wa dirisha alizoea kuugusa na kutabasamu peke yake, ungedhani anampapasa mtoto.

Alipofika kiwanjani alikuta mambo mengine. Ukuta wote wa mbele ulikuwa umekandikwa udongo na mavi ya ng'ombe, laini, bado mbichi. Jirani yake Rebeka na wanawake watatu walikuwa wananawa mikono.

"Karibu, mayu, mama yetu!" Rebeka alichekelea. "Tumeona mgeni anakuja na nyumba iko uchi. Nyumba ya mjane haiachwi hivyo, watu wapo."

Angewaambia nini? Hakuna aliyewafundisha kwamba matofali hayo hayataki kuvishwa. Na mtu aliyekupa nguvu zake bure tangu asubuhi humwambii amekuharibia.

"Mungu awalipe," akasema, akakimbilia ndoo ya maji aoshe. Lakini pikipiki ya afisa ilikwisha fika.

Jina lake Venant, kijana wa kumzaa kabisa. Shikamoo aliisahau ofisini.

"Mama, hii nyumba ya udongo. Mjini haturuhusu."

"Siyo udongo, mwanangu. Tofali za mashine, zina saruji ndani. Hawa wamekandika juu tu." Paskazia akakwangua kwa mwiko mpaka tofali likaonekana. "Gonga."

Venant akagonga kwa nyundo, nyundo ikaruka. Akagonga tena kwa nguvu, ikabanduka chembe ndogo ya ukubwa wa punje ya mtama.

"Gumu," akakiri. Akafungua fomu, akaikodolea macho. "Ila hapa kuna aina tatu tu: saruji, kuchoma, udongo. Hili lako halina nafasi."

"Si nyie wenyewe mlileta mashine?"

"Hiyo idara nyingine, mama. Mimi nimepewa fomu."

"Basi andika pembeni. Kalamu si unayo?"

"Nikiandika pembeni nitaulizwa nani kanituma."

Akatia tiki kwenye udongo. Kisha akachora alama ya X nyekundu ukutani na kumpa siku thelathini abomoe mwenyewe, la sivyo wangekuja kubomoa wao.

Pikipiki ilipoondoka Rebeka aliangua kilio. "Sisi ndio tumekuponza."

"Hamjaniponza. Fomu ilichapwa kabla hamjaloweka udongo."

Paskazia akapanda jukwaa, pale dirisha lilipokuwa bado wazi kwa juu. Kipande cha ziwa kilionekana kati ya majabali mawili, kikimeta kwa jua la alasiri. Alikitazama. Kisha akaanza kupiga hesabu ya siku. Kozi mbili za matofali, mbao juu ya dirisha, mabati ya zamani ya kufunika chumba kimoja. Akijitahidi, angelala humo wiki moja. Wiki moja nzima, ndani ya nyumba yake, kabla hawajaja na nyundo.

"Rebeka, futa machozi," akasema, akinyoosha mkono. "Nipe tofali."