Wiki Tatu Ambazo Baba Hakuziona

Orodha ya washiriki ilifika mezani kwangu siku ya Jumatano, na jina la tatu lilikuwa la baba yangu mzazi.

Kwanza nilidhani ni mtu mwingine wa jina hilo. Lakini mbele ya jina waliandika kazi, fundi saa, na mbele ya kazi wakaandika kiziwi. Fundi saa kiziwi mwenye jina lile mjini kwetu ni mmoja tu, na ndiye aliyenisomesha mpaka nikamaliza chuo.

Kipindi chenyewe kilikuwa chemsha bongo ya kufunga mwaka. Kila Desemba kituo chetu cha televisheni huwaita watu watatu wa kawaida waliopita mchujo, kikawauliza maswali arobaini juu ya habari kubwa za mwaka mzima: nani alijiuzulu, daraja gani lilifunguliwa, mgomo fulani ulichukua siku ngapi. Mimi pale ni mkalimani wa lugha ya alama. Ndimi yule dada wa ndani ya kisanduku kidogo pembeni mwa kioo, anayechezesha mikono wakati msomaji anasoma taarifa ya habari. Kazini wananiita Mikono, na wapo ambao hawajui kama nina jina jingine.

Nilimpigia mama simu hapo hapo.

"Mama, baba ameingia kwenye mchujo wetu?"

"Ameingia na amepita. Alinikataza nisikwambie."

"Kwa nini?"

"Alisema utaanza kumfundisha."

Mama akanieleza ilivyokuwa. Yeye alimsomea baba maswali kwa mikono, baba akajibu kwa mikono, yeye akaandika. Maswali ishirini, akapata yote ishirini. Kijana aliyesimamia mchujo hakuamini, akadhani ni mama anayejibu. Akamtoa baba nje, akamkalisha mama peke yake na karatasi nyingine.

"Nikapata matatu," mama akasema. "Yule kijana akatuomba radhi, mimi na baba yako."

Baba aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka saba. Alipopona, masikio hayakupona naye. Shule ilimvumilia mpaka darasa la pili, kisha ikamrudisha nyumbani na barua iliyosema hafundishiki. Mjomba wake alikuwa fundi saa. Akamchukua, akamweka kwenye benchi, akampa bisibisi ndogo kuliko njiti ya kiberiti. Tangu siku hiyo baba hajui kazi nyingine. Saa akishaifunga huiegemeza kwenye mfupa wa taya, akafumba macho, na hapo anajua kama inakwenda sawasawa au inachechemea. Namba anazijua vizuri, na majina ya watu na ya miji huyatambua. Lakini gazeti lenye habari ndefu humteleza mikononi kama samaki aliyetoka majini sasa hivi. Habari za dunia huzipata pale kwenye kisanduku.

Na kwa miaka sita niliyokaa ndani ya kisanduku hicho, hajawahi kuniambia nimefanya vizuri. Kila Jumapili nikienda nyumbani, hunikalisha chini anichambue kama mchele. Jumanne nyusi zako zililala, swali likaonekana kama jibu. Alhamisi ulisema bandari, mkono ukaenda chini sana, nikadhani shimo. Nilimzoea. Lakini nisidanganye, kuna Jumapili nilizorudi kwangu nimenuna kutwa nzima.

Siku ile ya orodha, mtayarishaji wa kipindi aliniita ofisini kwake. Ni mama mtu mzima, mwenye maneno machache.

"Mikono, hongera kwa mzee. Ila kumkalimania huwezi."

"Najua, bosi."

"Ukipiga chafya tu, watu watasema umempa jibu."

Hakukosea. Wakamwazima mwalimu mmoja kutoka shule ya viziwi, dada makini ambaye baba hakuwa akimfahamu. Mimi nikapangiwa kiti kwenye safu ya pili ya watazamaji, karibu na mama. Nilipokaa, mama akaniambia, "Kalia hiyo mikono yako." Nikaikalia kweli.

Kipindi kilirekodiwa Jumamosi asubuhi. Taa za studio zilikuwa zinachoma kama jiko. Upande wa kushoto alisimama binti mwanafunzi wa sheria, mwembamba, mwepesi wa kidole. Katikati mwalimu wa historia wa sekondari, mtu wa makamo mwenye tumbo la heshima na koti la kijivu. Kulia baba, ndani ya shati jeupe ambalo mama alilipiga pasi mara mbili. Mbele ya kila mmoja palikuwa na kitufe chekundu. Anayekibonyeza kwanza ndiye anayejibu.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama. Mtangazaji aliuliza swali la kwanza, na kabla mikono ya mkalimani haijafika katikati, binti alishabonyeza. La pili, binti. La tatu, mwalimu. La nne na la tano, binti tena. Baba alikuwa anasimama pale kama mtu anayefika kituoni kila mara basi likiwa limeshaondoka.

"Anayajua," mama akaninong'oneza. "Mwangalie mabega."

Nilimwangalia. Kila swali lilipokamilika mikononi mwa mkalimani, mabega ya baba yalipanda kidogo, yakashuka.

Kabla ya swali la sita, mwalimu wa historia akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Samahani, ndugu mtangazaji. Mzee wangu hapa anapata swali baada yetu. Mimi darasani nina watoto arobaini na watano. Nikimchagua aliyenyoosha kidole kabla sijamaliza kuuliza, nitakuwa sifundishi. Naomba tusiguse kitu mpaka mikono ya dada huyu ishuke."

Mtangazaji alishika sikio, akimsikiliza mtayarishaji kwenye kile kidude chao. Kisha akamgeukia binti.

"Wewe unasemaje? Maana unaongoza."

Binti alifikiri kidogo. "Nakubali," akasema. "Ila zile nne zangu nabaki nazo."

Watu wakacheka, na baba alipotafsiriwa akacheka nao, akamwonyesha binti dole gumba.

Kuanzia pale, baba alianza kazi. Mgomo wa wauguzi ulichukua siku ngapi? Kumi na saba. Daraja jipya lilifunguliwa mwezi gani? Wa tatu, mvua ikinyesha, na mgeni rasmi akapoteza kiatu. Kiatu hakikuwemo kwenye swali, lakini mkalimani alikisema, mtangazaji akachelewa kidogo kuendelea kwa kicheko. Wachimbaji walionaswa mgodini walikuwa wangapi, na aliyetolewa mwisho alikuwa na kazi gani? Kumi na wawili. Wa mwisho alikuwa mpishi wao, aliyekataa kutangulia.

Habari ile ya mgodi naikumbuka. Siku mpishi alipotolewa, mikono ilinitetemeka hewani mbele ya nchi nzima. Jumapili yake baba aliniambia, "Ulitetemeka kwenye neno mpishi. Lakini nilielewa." Niliona ananisema. Sasa nikiwa nimekaa pale safu ya pili, nikaanza kuona kitu kingine. Majibu yote aliyokuwa anayatoa yalitoka na alama zangu zilezile, kwa mpangilio wangu uleule, hata namna yangu ya kupumzika kabla ya namba. Alikuwa ameuweka mwaka mzima kichwani kama nilivyomkabidhi, sentensi kwa sentensi.

Swali la ishirini na mbili likatutoa jasho. Ni waziri gani alijiuzulu mwezi wa tano baada ya maji kukatika mji mzima? Baba alibonyeza wa kwanza, akapeleka vidole shingoni, akavuta fundo la tai mara tatu.

Mkalimani alibaki anamtazama. Viziwi humpa mtu jina la alama kutokana na kitu chake, na waziri yule alikuwa haishi kujivuta tai. Jina lile nililitunga mimi mwenyewe mwezi wa pili, nikawa nalitumia kila siku. Lakini mwalimu wa shule ya viziwi, jioni hizo alikuwa na madaftari ya kusahihisha, taarifa yetu hakuitazama.

"Muda unakwenda, mzee," mtangazaji akasema.

Mikono yangu ikatoka chini ya mapaja yenyewe. Mama akaidaka akaibana.

Baba aliona tatizo liko wapi. Akainua mkono wa kulia, akaanza kulitaja jina la waziri kwa vidole, herufi moja baada ya nyingine, bila haraka, kama anavyopanga vijigurudumu vya saa. Jina la kwanza, la baba, na la ukoo. Herufi kumi na tisa, nilizihesabu. Mtu ambaye barua ya shule ilisema hafundishiki. Mkalimani alilitamka lote bila kukosea hata silabi, na mtangazaji akasema, "Sahihi kabisa."

Nilijua alikolitoa. Jina jipya likiingia kwenye habari, mara ya kwanza mimi hulitaja kwa herufi. Mara moja tu. Inayofuata natumia alama.

Tulipomaliza swali la thelathini, baba alikuwa na kumi na moja, binti kumi, mwalimu tisa. Mama alishaanza kufuta machozi kwa ncha ya mtandio, nami nilikuwa nimevimba kifua hadi vifungo vikaniuma.

Ndipo mtangazaji akasema, "Sasa tuingie mwezi wa nane."

Ni soko gani liliteketea kwa moto? Mikono ya mkalimani ikashuka. Baba hakugusa kitufe. Ni mwanariadha gani alivunja rekodi ya taifa ya mbio ndefu? Baba ametulia. Ni nchi ngapi zilituma wajumbe kwenye mkutano wa maji? Baba anatazama kitufe chake kama saa ya mteja ambayo hajawahi kuona aina yake. La nne vilevile.

"Amechoka?" mama akauliza.

Nilitikisa kichwa. Mwezi wa nane mimi nilipasuliwa kidole tumbo, nikalala wiki tatu. Kituo hakikuwa na mkalimani mwingine, kwa hiyo waliondoa kile kisanduku, habari zikaendelea. Niliporudi niliuliza kama kuna mtu alilalamika. Wakaniambia hakuna simu hata moja iliyopigwa. Ni kweli. Viziwi wangempigia nani simu?

Mwezi wa tisa ulipoingia baba alizinduka, akaokota tatu zaidi. Lakini binti naye aliokota tatu. Mwishoni binti alikuwa na kumi na tano, baba kumi na nne, mwalimu kumi na moja. Binti alikabidhiwa kombe, akainama kumshika baba mkono kwa mikono miwili. Mshindi wa pili alipewa saa ya ukutani yenye nembo ya kituo. Baba aliipokea, na kabla hata ya kushukuru akaiegemeza tayani.

Mtangazaji alitaka neno kutoka kwa kila mmoja. Alipofika kwa baba akasema, "Mzee, ulikuwa unaongoza. Mwezi wa nane kulikoni?"

Baba aliweka saa chini. Akazungumza, mkalimani akamfuatisha kwa sauti:

"Mwezi wa nane mwanangu aliumwa, kisanduku chake kikaondolewa. Wiki tatu nilimwona msomaji anafungua mdomo na kuufunga. Moto niliuona. Ulikuwa wapi, umeunguza mali ya nani, sikujua mpaka leo. Yote niliyojibu hapa nimeyapata kwake. Niliyokosa ni ya siku ambazo hakuwepo. Msinipe pole. Mkitaka kujua kazi yake ina thamani gani, angalieni maksi zangu." Kisha akanyoosha kidole kwenye safu ya pili. "Ndiye yule, mwenye kitambaa cha bluu. Mwanangu, simama wakuone wewe mzima, siyo kichwa na mabega tu."

Nilisimama. Watu walianza kupiga makofi, lakini mkalimani akainua mikono juu akaitikisa hewani, ndivyo viziwi wanavyoshangilia. Mwalimu wa historia akamwiga, binti akaweka kombe chini akaiga, na punde studio nzima ilikuwa kimya, mikono yote juu inatikisika kama majani. Mama alitikisa wa kulia tu. Wa kushoto ulikuwa bado umenishika.

Mtayarishaji hakukata hata sekunde moja ya maneno yale. Yalirushwa kama yalivyo, ndani ya wiki hiyohiyo, na safari hii simu na barua zilikuja, nyingi kutoka kwa watoto wa viziwi, wake zao na waajiri wao. Kufikia mwezi wa pili wa mwaka uliofuata tulikuwa wakalimani watatu. Yule mwalimu wa shule ya viziwi ni mmoja wetu; huja siku nne kwa juma, na jambo la kwanza aliloniomba ni orodha ya majina yote ya alama niliyotunga.

Jumapili baada ya kipindi kurushwa nilimuuliza baba kwa nini aliingia kwenye mashindano bila kuniambia. Alikuwa ameifungua ile saa ya zawadi juu ya meza ya chai, matumbo yote nje.

"Miaka sita nakusahihisha," akasema kwa mikono yenye mafuta. "Nikaona si haki. Na mimi nipewe mtihani."

"Na umejionaje?"

"Nimefaulu. Mwalimu wangu ni mzuri." Akarudisha macho kwenye saa. "Hii inakwenda mbele dakika nne kwa siku. Waambie kazini kwenu waliuziwa takataka."

Aliitengeneza, akaitundika ukutani juu ya benchi lake. Mteja akiulizia ile nembo, baba huweka kazi pembeni akamsimulia kwa mikono: mgodi, mpishi, kiatu cha mgeni rasmi, herufi kumi na tisa. Wengi hawajui alama hata moja, lakini hukaa mpaka mwisho. Wiki iliyopita mmoja wao aliondoka akiwa amesahau saa yake mezani.